Mchuzi Baada ya Kunawa

Mwezi uliopita nilikalia kitanda changu mwenyewe kwa mara ya kwanza, na umri wangu nishapita themanini. Usinicheke, nitaeleza, ila nitaeleza kwa njia yangu, maana mimi sikusoma. Herufi nilizipata ukubwani kwenye masomo ya gumbaru, na mwalimu wetu alikuwa akinambia, "Bi Riziki, wewe hadithi waianza katikati, kisha warudi mwanzo, kisha wapotea." Kweli. Basi katikati yenyewe ni hii: nilialikwa arusi Mtwapa kwa Bi Mishi, kitukuu chake alikuwa aolewa. Vijana walikuwa mbele wanapiga kelele zao na muziki wao, na sisi wazee tukatiwa chumba cha nyuma, tuwekwe mbali na vishindo. Mlikuwa na kitanda cha kamba cha zamani, miguu imechongwa, kamba zimesukwa upya mara ngapi sijui. Nikakaa, maana magoti yangu hayaningoji nikaribishwe. Bi Mishi akanitazama sana, akasema, "Riziki, wajua umekalia kitanda chako?" Nikamwambia, "Changu tangu lini? Mimi nimekuja kula biriani." Akasema, "Chako tangu siku uliyokuja na baba ako kwa miguu, ukiwa na furushi."

Nikakamata ukingo wa kitanda. Maana siku ile nilidhani ni yangu peke yangu. Baba nilimzika zamani, shangazi Tima alitangulia kabla hata daraja la Mtwapa halijajengwa, na mimi sikumhadithia mtu, si mume wangu wala watoto wangu. Kuna mambo mtu huyafanya ana miaka kumi, akayaficha vizuri, akazeeka nayo.

Mwaka wenyewe siwezi kukutajia kwa hesabu. Ulikuwa wa vita, vita vya Wazungu, sukari haionekani madukani na nguo za watu zimejaa viraka. Mimi na baba tulikuwa na chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, nyumba ya udongo na makuti, vyumba sita na ua mmoja. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Chumba kilikuwa na kitanda cha baba, mkeka wangu, na kanga ya mama iliyotundikwa katikati ikawa ndiyo ukuta. Hiyo kanga ndiyo iliyoleta maneno. Nilikuwa uani nachambua mchele wa vumbi na changarawe, na wanawake wa nyumba wako jikoni, wanaongea kana kwamba mtoto hana masikio. Mmoja akasema, "Yule Riziki kifua kishaanza kumtoka. Baba ake amtundikia kanga, atafanya nini mwakani, amtundikie shuka?" Wakacheka. Mwenye nyumba, mama wa watu mpole lakini maneno yake mazito, akasema, "Si jambo la kucheka. Mtoto wa kike bila mama hulelewa na shangazi yake. Hamisi anaye dada Mtwapa, mjane, hakujaaliwa mtoto. Ampeleke kabla watu hawajasema zaidi." Na wanawake wakimaliza kusema jikoni, jambo huwa limeshakatwa. Jioni alimwita baba mlangoni akamwambia, na ilibidi amwambie kwa sauti kubwa.

Sababu ya sauti kubwa ni hii. Baba alikuwa mvunja mawe wa barabara. Barabara ya Malindi ile tuionayo leo na lami na vibanda vya kuku wa kukaanga, wakati ule ilikuwa ya mawe ya matumbawe yaliyopondwa na udongo mwekundu juu yake, na kila jiwe lilitoka mahali. Vita vilipoanza ilitakiwa barabara pana, malori ya jeshi yapite, kwa hivyo walipasua mwamba kwa baruti. Baba alikuwa mtu wa mtaimbo, anatoboa tundu, baruti inatiwa, wanakimbia. Miaka miwili ya kazi hiyo ilimla sikio la kushoto lote, na la kulia likabaki kidogo. Kazini alificha. Asiyesikia nyapara akipiga ukelele wa baruti hafai kazi ile, siku hiyo hiyo angeambiwa aende kwao. Nilimuuliza, "Sasa baba, wajuaje wakati wa kukimbia?" Akasema, "Naangalia miguu ya wenzangu. Wakikimbia, nami nakimbia." Akacheka, na mimi nikacheka. Leo nikikumbuka sicheki.

Nyumbani nilikuwa mimi ndiye sikio. Hatukukubaliana, ilikuwa tu. Nilikaa kulia kwake siku zote. Mtu akimsemesha, namgusa goti mara moja, baba anageuka, nami narudia maneno kwa sauti ya chini karibu na sikio lake, haraka, kabla mtu wa nje hajajua. Dukani hivyo, msibani hivyo. Watu walidhani mimi ni mtoto wa kujidekeza, nimemgandama baba kama kupe. Wacha wadhani.

Mambo mawili ya kiziwi hayafichiki. La kwanza, hucheka baada ya wenzake. La pili, hajui kunong'ona. Baada ya mwenye nyumba kusema naye, baba alikaa jioni tatu nyuma ya kanga, taa ya kibatari imewaka, akijifunza maneno atakayomwambia dada yake. Yeye alidhani asema moyoni. Nyumba nzima ikasikia: "Dada, nimekuletea amana yako. Mimi mwanamume, sijui kulea mtoto wa kike. Umpokee." Halafu anaanza tena, "Dada, nimekuletea amana yako." Jioni ya tatu jirani wa chumba cha pili akapiga ukuta, "Hamisi, dada yako yuko Mtwapa, si huku!" Baba hakusikia. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nimejifunika gubigubi, naliuma shuka. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba amekubali.

Jumapili alfajiri tukatoka. Alikuwa amemtumia shangazi salamu na dereva wa lori kwamba tunakuja. Zawadi zilikuwa kwenye kikapu: sukari kidogo aliyoipata kwa mbinde, imefungwa kwenye karatasi mara tatu, na mche wa sabuni. Kikapu akabeba yeye. Mimi nikabeba furushi, magauni yangu mawili, kanga ya mama ile ya ukutani, na juzuu yangu ya chuo cha Kurani iliyokatika kurasa. Alipoitungua ile kanga nilisema moyoni, basi, hata ukuta umevunjwa.

Nikwambie ukweli, ile ilikuwa safari nzuri kuliko zote nilizopata kwenda, na nimekwenda hata Nairobi. Asubuhi ilikuwa na umande, vumbi halijaamka. Bombolulu wakati ule mihogo na mikorosho, nyumba moja huku, moja kule. Baba alikuwa akinionyesha barabara kama mtu anayekuonyesha nyumba yake. "Hapa jiwe lilitushinda siku tatu." "Hapa ndipo mtaimbo ulipovunjika, nyapara karibu alie." Mbele kidogo, karibu na Bamburi, akasimama pahali barabara inapoinama kidogo, akasema, "Hapa nilikosea. Tundu nilitoboa mshazari, jiwe likapasuka vibaya, ndiyo maana malori huyumba. Wakipita wote wanajua Hamisi alikuwa hapa." Na alisema kwa fahari! Sijapata kuona mtu mwingine anayejivunia kosa lake. Hata leo kwenye gari la mjukuu wangu, tukifika pale nainama kidogo, ingawa lami imeshasawazisha kila kitu. Mjukuu aniuliza, "Bibi, wasinzia?" Namwambia ndiyo.

Hakusema neno la amana njia nzima. Nami sikuuliza. Tulikula mihogo ya kuchemsha tumekaa kwenye rundo la kokoto, akanipa kipande kikubwa.

Mtwapa kulikuwa na feri ya mnyororo, chombo bapa cha mbao, magari mawili yakijibana. Mnyororo umefungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, na wanaume wanauvuta kwa mikono wakiimba na kupiga miguu. Wale watu walikuwa na ndimi! Nyimbo hawakuwa nazo za kudumu, wimbo ni wewe unayevuka. Mnene wanamwimba unene wake, bwana arusi wanamwimba mahari yake. Siku ile walitutazama, baba na kikapu, mimi na furushi, na mwimbishaji, jitu moja la kifua wazi, akaanza:

"Wamekwenda wawili, ee!"

Wenzake wakaitikia, "Watarudi wangapi?"

"Na furushi ni la nani, ee?"

"La atakayebaki!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, nyuma kidogo ya wenzake kama kawaida, akainama, "Waimba nini?" Nikamwambia, "Wasema tusimame katikati, chombo kisiegemee." Akasogea katikati, mtu mtiifu. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na nilipouona umepita bila taabu, nadhani ndipo wa pili ulipopata njia.

Sasa hapa nieleze adabu yetu, kwa sababu vijana wa leo wanaingia nyumba ya mtu na shida wameishika mkononi. Sisi hatukuwa hivyo. Mgeni akifika, anapokewa mzigo, anakaribishwa maji, anaulizwa hali, mmoja mmoja wa kwao mpaka mbuzi. Kisha anakula. Shida yake haitaji mwenyewe. Angoja mwenye nyumba amfungulie mlango, amwambie, "Haya, habari ya kuja kwenu?" Hapo ndipo asema. Na mwenye nyumba mwenye heshima hamuulizi mgeni siku ya kwanza, asije akadhani anaharakishwa aondoke. Lakini baba Jumatatu alitakiwa kazini. Alikuja na jambo la siku mbili katika safari ya siku moja, na mwenyewe hakuliona hilo mpaka tumeshaketi.

Shangazi Tima alitupokea nje, mwanamke mrefu, kanga zake safi. Baba akasema, "Shikamoo dada." "Marahaba ndugu yangu, za masiku?" Akapokea kikapu. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akanyosha mkono apokee furushi. Sikuliachia. Alilivuta kidogo, nami nikalivuta kidogo. Tukatazamana. Sikuwa mtoto wa kukosa adabu, wallahi, mkono tu ulikataa. Akaliachia, akasema taratibu, "Haya, kaa nalo."

Uani palikuwa na mkeka mpya, na msichana wa jirani, umri wangu au kunizidi mwaka, ameitwa ili nipate mwenzangu. Huyo ndiye Mishi. Alinambia mara moja, "Wewe ndiye utakayekuja chuoni na mimi? Shangazi yako asema utasoma na skuli ya misheni pia, ameshamuuliza mwalimu." Nikamwambia sijui. Nikaenda nikakaa kulia kwa baba, furushi mapajani.

Chakula kilikuwa wali wa nazi na kuku. Wali, mwaka ule! Na kuku amechinjwa! Harufu peke yake ilinambia kuwa pale sitalala na njaa. Nataka niseme wazi, maana kukaa na uongo nimechoka: nyumba ile ilikuwa bora kuliko chumba chetu. Shangazi alikuwa mwema. Hapakuwa na kitu cha kukimbia. Tulikula kwenye sinia moja, baba ananisogezea minofu bila kutazama, kama alivyozowea, na kila shangazi akisema neno nilimgusa goti nikamrudishia. "Auliza kazi inaendeleaje." "Asema nyumba yavuja upande wa kaskazini." "Akupa pole ya mama." Shangazi alikuwa anakwenda jikoni na kurudi, na nilidhani haoni. Mara moja alisimama nyuma ya baba, upande wa kushoto, akasema, "Hamisi." Baba anatafuna. Akasema tena, "Hamisi, ndugu yangu." Mimi nikamgusa goti. Baba akageuka, "Naam dada?" Shangazi akasema, "Si kitu. Kula."

Tukamaliza. Jua limepinda, baba ameshasema mara mbili kuwa feri haivushi baada ya magharibi. Shangazi akaja na birika na bakuli. Akamwagia baba maji, baba ananawa polepole, anasugua kidole kimoja kimoja, nami namjua, anangoja. Midomo yake ilikuwa inatikisika, yako pale yale maneno, "Dada, nimekuletea." Na shangazi, huku amwaga maji, macho kwenye maji, akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu amwambiaye mtoto alale:

"Haya ndugu yangu. Habari ya kuja kwenu?"

Mlango ndio huo, umefunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kugusa goti tu.

Sikugusa. Maji yakaendelea kutoka. Baba akaona midomo ya dada yake imefunga, akajua pamesemwa neno, akanigeukia. "Asemaje?"

Nikamwambia, "Auliza kama waongeza mchuzi."

Baba alinitazama. Kisha akamgeukia shangazi, akasema kwa ile sauti yake kubwa, "La, dada. Nimeshiba, alhamdulillahi. Mchuzi ulikuwa mzuri sana."

Shangazi akabaki na birika mkononi, maji yamekwisha. Akasema, "Alhamdulillahi." Akaingia jikoni.

Tukaaga. Shangazi alinifungia maandazi kwenye jani la mgomba, akayatia juu ya furushi langu, hakunivuta wala hakuniita pembeni. Kwenye feri wale wale, na yule kifua wazi akatuona, akapiga ukelele, "Wamekwenda wawili, ee!" Wenzake wakajibu, "Wamerudi wawili!" "Na furushi lao, ee!" "Limechoka bure!" Baba akainama. "Waimba nini sasa?" Nikamwambia kweli yote, neno kwa neno, hata la furushi kuchoka. Akacheka, na safari hii alicheka pamoja na watu. Tulipokanyaga ng'ambo akalichukua furushi, akaliweka kichwani kwake, mtu mzima, mvunja mawe, na akatembea nalo mpaka Ziwa la Ng'ombe huku wanawake wakimwangalia. Tulipofika aliitundika ile kanga mahali pake, akapigilia msumari wa pili.

Baada ya hapo maneno ya jikoni yalisemwa, yakachosha wenyewe. Baba alitafuta chumba cha pili, kidogo, cha pembeni. Nikawa sikio lake mpaka nilipoolewa, na hata nikiolewa nilimwambia mume wangu, mimi naja na baba. Shangazi alikuja kwetu Idi mbili tatu, alikaa upande wa kulia wa baba, alisema kwa sauti ya juu, na siku ile hakuitaja. Nilikaa na wasiwasi mpaka akafa. Nilijiona nimewaibia watu wawili, dada mtoto wake na kaka neno lake, na wote wawili hawakujua wameibiwa.

Ndiyo nikamwambia Bi Mishi pale kitandani, nikamtolea yote. Akanisikiliza, huko mbele arusi inanguruma. Nilipofika kwenye mchuzi akaanza kutikisika. Nikadhani alia, kumbe acheka, meno yenyewe hana. "Riziki! Wee Riziki! Ni nani aulizwaye mchuzi mikono imekwisha oshwa?"

Miaka yote hiyo, na sikuwahi kuliona.

"Mimi nilikuwa jikoni," akasema. "Shangazi yako aliingia na birika tupu, akakaa juu ya mbuzi ya nazi. Nikamuuliza, bi Tima, atalala hapa yule? Akanambia, 'Nimemuuliza baba, na mtoto amejibu. Na baba ameliridhia jibu. Nikimchukua huyu, ndugu yangu nimemzika.' Kisha akalia kidogo, akajifuta, akafunga maandazi." Kitanda alikuwa amekitengenezesha kwa fundi wiki ile ile. Kikakaa kitupu mwaka mzima, ndipo akamwomba mama yake Mishi, na Mishi akahamia. Mishi ndiye aliyekwenda skuli ile ya misheni. Mishi ndiye aliyesomea ukunga, akazalisha nusu ya Mtwapa, na nyumba, ndiyo hii ya arusi, akaachiwa yeye.

Sikumwonea kijicho. Au niseme, kijicho kilikuja, kikakaa nami pale kitandani muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Nilipapasa mguu wa kitanda, mchongo wake wa maua, nikafikiria mtoto ambaye angelala hapa akaamka akaenda kusoma. Kisha nikafikiria baba kwenye mwamba, anatazama miguu ya wenzake, akirudi nyumbani chumba kitupu, na mtu wa kumwambia ulimwengu wasema nini hayuko. Na yeye alijua. Alinawa, akaambiwa mchuzi, akanitazama, akasema ameshiba. Mimi nilidhani nimemdanganya, kumbe nilimpa neno alilokuwa hawezi kujitafutia mwenyewe.

Mjukuu wangu alikuja kunambia tuondoke, foleni ya barabarani itakuwa mbaya. Bi Mishi akanishika mkono. "Lala hapa leo. Kitanda kimekungoja." Mlangoni alikuwa amesimama kitoto chao kimoja, ana hina mpaka viwiko, akanyosha mkono kwenye mkoba wangu, akasema kwa adabu, "Bibi, nikupokee?"

Nikamwachilia.